Mgongo wa Springi, Jasho la Wenzake

Kijiwe chenyewe ni kochi. Lililetwa zamani kwenye karakana ya Fundi Springi ili livikwe kitambaa kipya, mwenyewe akaenda zake asirudi, na kadiri alivyochelewa ndivyo kochi lilivyozidi kuvuliwa: leo limeazimwa sponji, kesho limeazimwa mikanda, mpaka ikabaki fremu tupu. Springi akaipigilia mbao, akaiweka mlangoni, na watu wakakaa. Ndiyo maana fundi anayeyapa raha makalio ya mtaa mzima, yeye na rafiki zake hukalia ubao mkavu. Kushoto hukaa Breki, dereva mstaafu wa malori, ambaye hajapata kuona ugonjwa usiofanana na gari. Kulia hukaa Profesa, aliyepiga kengele ya shule maisha yake yote, na kwa kuwa hakuna mwalimu aliyeanza kufundisha kabla yeye hajapiga, anajihesabu kuwa amewasomesha wote. Katikati hukaa Springi mwenyewe. Mbele yao, juu ya kigoda, na jiko lake na birika lake, hukaa Shangazi muuza kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote kati yao, lakini huwasema wote kama waliokulia mikononi mwake. Siku hiyo jua lilikuwa limeshapita utosini, na walikuwa na kesi nzito.

— Bado unauma? — Breki aliuliza.

— Bado — Springi akajibu.

— Wapi?

— Pale pale, juu kidogo ya mkanda wa suruali. Haujahama hata nyumba ya pili.

Breki aliweka kikombe chini kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

— Haiwezekani. Asubuhi hii hii nimesimamia viwiko mpaka mbavu zikaniomba radhi. Tumbo nimebana, magoti nimenyoosha, kila kitu kama ulivyoelekeza. Wiki zote hizi. Halafu mgongo uniambie bado?

— Haujakuambia wewe. Umeniambia mimi.

— Na mimi kiuno nimeinua — Profesa akadakia. — Shahidi ni fundi saa, jirani yetu. Alipita akanikuta niko hewani, akanisalimia, sikumjibu ili pumzi isipotee bure.

— Mimi tumbo nimebana hata sasa hivi ninavyosema nanyi — alisema Shangazi huku akimimina. — Mngekuwa na macho mngeona.

Hawakutazama, kwa heshima.

Mpita njia akiyasikia maneno hayo atadhani wagonjwa ni wanne. Hapana. Mgonjwa ni mmoja tu, Springi, na mgongo wake ulimwanza zamani, kidogo kidogo, akauzoea kama watu wanavyomzoea mpangaji msumbufu. Kazi ya makochi ni ya kuinama, na yeye aliinama tangu kijana: kung'oa misumari, kukaza mikanda, kuinua upande mmoja wa kochi kwa goti huku mdomo umejaa pini. Uliuma ukapoa, ukauma ukapoa, mpaka siku moja ukasahau kupoa. Siku hiyo alikuwa ameingia mvunguni mwa kochi zito kupigilia mkanda, kiuno kikakaza, akashindwa kutoka. Akaja mama mmoja, mteja, akabisha hodi. Springi akaitikia karibu kutoka mle mle mvunguni, na mama wa watu akakimbia huku akitaja majina ya marehemu zake. Mwishowe wanaume wanne walimtoa, wakambeba hadi kwake juu ya ubao, na watoto wa mtaa wakafuata nyuma. Mtoto mmoja aliuliza kama fundi amekufa. Mwingine akamjibu kwamba bado.

Tangu siku hiyo Springi aliogopa sakafu. Tuliseme jambo lilivyo: aliogopa. Maumivu alishayazoea, lakini ile safari ya ubaoni, macho yakitazama mawingu na watu wakisema pole fundi, pole fundi, hakuizoea. Kitu kikianguka chini ya magoti yake alikihesabu kuwa si chake tena.

Mkewe alimpeleka kwa dada wa mazoezi, yule mtaalamu wa viungo wa hospitalini. Dada akamgusa hapa, akambonyeza pale, akamwambia: mzee wangu, mgongo wako haujavunjika, umechoka kubeba peke yake. Nyama za tumbo, za ubavuni na za kiunoni zilitakiwa kuushika pande zote, nazo zimelala. Tutaziamsha polepole, kila siku, na usitegemee miujiza kesho. Springi alielewa pale pale, maana hata kochi ni hivyo hivyo: mikanda ya chini ikilegea, springi hubeba kila kitu mpaka zinatoboa kitambaa, na mjinga hulaumu kitambaa. Dada akalala kwenye mkeka akamwonyesha mazoezi matatu: la kusimamia viwiko na ncha za vidole vya miguu mwili umenyooka, la kulala chali na kuinua kiuno, na la kubana tumbo bila kuzuia pumzi. Alipomwambia haya mzee wangu, zamu yako, Springi alisema ameelewa vizuri sana, atafanyia nyumbani. Hakuwa tayari kulala sakafuni mbele ya binti wa umri wa kitinda mimba wake, halafu waitwe wanaume wanne.

Akaja kijiweni akaeleza. Alitaka pole tu. Lakini pale kijiweni hakuna kitu cha mtu mmoja. Miwani ya kusomea ni moja, na anayeivaa husoma kwa sauti. Breki aliwahi kuumwa siku ya harusi ya mpwawe, Profesa akaenda kwa niaba yake, akala kwa niaba yake, akacheza kwa niaba yake. Kwa hiyo Profesa aliposikia habari za mazoezi hakuona ugumu wowote.

— Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi — alisema siku ile.

— Methali hiyo si ya hapo — Shangazi alimwambia.

— Maana yake nini?

— Maana yake mtu huuona mzigo wa mwenzake mwepesi kwa kuwa hajaubeba.

— Si ndiyo ninavyosema? Kwake mzito, kwetu mwepesi. Tuubebe sisi. Salamu hutumwa, pole hutumwa. Zoezi lina nini hata lisitumwe?

Wakagawana. Breki alichukua la viwiko kwa sababu ana mikono ya usukani. Profesa alichukua la kiuno kwa sababu linafanywa mtu akiwa amelala. Shangazi alichukua la tumbo kwa sababu haliharibu biashara. Springi, kama mwenye mgongo, alikaa katikati kuhesabu na kusahihisha. Alijua fika kwamba huo ni upuuzi. Lakini ulikuwa upuuzi wenye upendo, na haukumtaka alale chini, akanyamaza. Na kila jioni mkewe alipouliza kama mazoezi yamefanyika, alijibu kuwa yamefanyika, na uongo haukuwemo.

Sasa mkewe ni mwalimu wa chekechea, na mtu aliyezoea kuulizwa na watoto sitini nani kamwaga uji hadanganyiki muda mrefu. Jana usiku alikuwa amemwambia: kesho jioni nikirudi utalala sakafuni mbele yangu, na utainuka mwenyewe. Ukiinuka, endelea na kazi yako. Ukishindwa, karakana inafungwa, na gari la kaka yangu litakuchukua ukapumzike kwake shamba. Nimeshamwambia alitume. Kaka yake hafugi kitu ila nyuki, na haongei kitu ila nyuki. Springi aliwahi kukaa naye siku moja ya mvua, na jioni alikuwa anaweza kumtambua malkia kwa mwendo.

— Jioni ndiyo hii inakuja — Springi alisema. — Mwenzenu nafungiwa karakana.

— Tutulie, tutafute kosa — Breki alisema. — Injini nzima, giaboksi nzima, gari haliendi. Maana yake nini?

— Maana yake umelipaki — alisema Shangazi.

— Maana yake shafti. Nguvu inatengenezwa hapa, ila kule nyuma haifiki. Springi, sisi tukifanya mazoezi, wewe unakuwa wapi?

— Hapa hapa. Nahesabu.

— Mkono una nini?

— Kikombe.

— Basi nguvu imeingia kwenye kikombe.

— Vikombe vyangu usiviingize kwenye kesi — Shangazi alisema. — Jana kimoja kimevunjika chenyewe.

— Kwa sababu kilijisikia kina nguvu — Breki akajibu, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata ushahidi.

Profesa alivaa miwani ya wote, ingawa hakukuwa na cha kusoma.

— Kikombe ni kidogo mno, Breki. Hakiwezi kumeza kazi ya wiki zote hizi. Tuwe watu wa kufikiri. Tunapofanya mazoezi tunalalia nini?

— Sponji — Springi alisema. — Nawatandikia kipande.

— Na kazi ya sponji ni nini duniani?

Walifikiri.

— Kunyonya — Breki alisema taratibu.

— Kunyonya. Maji linanyonya, chai linanyonya, jasho linanyonya. Nguvu italiacha? Kikulacho ki nguoni mwako. Springi, kile kipande cha kwanza, tulichoanzia, kiko wapi?

Springi alikohoa.

— Nilikitia kwenye kochi la kinyozi.

Wote wakageuka. Ng'ambo ya barabara, mlangoni pake, kinyozi alikuwa amesimama wima akimnyoa mtu, mgongo umenyooka, anacheka.

— Mnamwona? — Profesa alisema kwa sauti ya chini. — Tangu asubuhi hajakaa.

— Kinyozi hakai kwa sababu ni kinyozi — Shangazi alisema.

— Hata zamani alikuwa kinyozi, lakini alikuwa akilalamika.

— Alikuwa analalamikia kodi.

— Sasa analalamikia nini?

— Kodi.

— Lakini kwa nguvu zaidi — Profesa alisema, na hapo hata Shangazi aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa ni kweli.

Springi alicheka, na kicheko kikamchoma pale pale juu ya mkanda wa suruali. Akaliangalia jua. Alitamani mmoja wao amuulize swali la maana, na papo hapo akaomba wasimuulize. Karakana ilikuwa nyuma yake, mlango wazi, na harufu ya gundi na kitambaa kipya ilimjia. Aliwaza asubuhi ya kesho bila harufu hiyo, shemeji mbele yake na sega la asali mkononi.

— Nyie mnahangaika na sponji — Breki alianza tena — na mwizi yuko chini yenu.

Wote wakainama kutazama mvunguni mwa kochi, isipokuwa Springi, ambaye hainami. Alikuwepo paka wa fundi saa, amelala ubavu.

— Huyu tangu tuanze mazoezi hajakosa siku — Breki alisema. — Anakuja tukianza, anaondoka tukimaliza. Juzi ameruka ukuta wa ghala kwa mruko mmoja. Zamani alikuwa anazunguka.

— Ameona panya — Shangazi alisema.

— Na mgongo mtazameni. Anaukunja, anaunyoosha, anaukunja. Mtu mwenye mgongo wake mwenyewe hauchezei namna hiyo.

— Paka wote hujinyoosha.

— Huyu anajinyoosha kwa dharau.

Paka alijinyoosha. Ilibidi kukubali kwamba dharau ilikuwemo.

Profesa alikuwa amefumba macho, na kwa wanaomjua hiyo ni dalili mbaya.

— Springi, nisamehe nikigusa mambo ya nyumbani. Marehemu mzee wako, mgongo ulimuuma?

— Mpaka anaingia kaburini.

— Na wewe umeumbwa kama nani?

— Wanasema kama yeye.

— Basi kesi imekwisha. Huo mgongo ni wa urithi, na hamkuwahi kukaa kikao cha ukoo kuugawa. Mpaka leo mwenyewe ni yeye. Mazoezi yote tuliyofanya yamekwenda kwa marehemu.

— Profesa, marehemu hayupo.

— Hayupo, lakini sasa hivi amelala vizuri sana.

Breki aliinamisha kichwa kumwombea mzee pumziko jema zaidi ya alilokwishapata kwa viwiko vyake. Springi alicheka mpaka machozi, na hakujua ni machozi ya nini hasa.

Shangazi alikung'uta majivu ya jiko, akamtazama Springi usoni. Hakuwatazama wengine.

— Mtaka cha mvunguni huinama — alisema.

Springi alijua ameambiwa nani. Alifungua kinywa aseme: jamaa zangu, mimi hata mara moja sijafanya, ninaogopa. Maneno yalifika ulimini. Lakini Profesa alikuwa amesharuka juu.

— Naam. Huinama. Methali imesema, wenyewe mnasikia. Sisi tunafanya mmoja asubuhi, mwingine mchana, kila mtu kwa wakati wake, nguvu inakwenda rejareja. Tuiname wote kwa mpigo mmoja, tuitume jumla.

— Sikusema hivyo — Shangazi alisema.

— Na tuunganishwe — Breki alisema, macho yakimng'aa. — Springi, una mkanda?

Karakana ya makochi haikosi mkanda. Ukaletwa ule mpana wa kukazia viti. Sponji likaondolewa lisinyonye. Vikombe vikapelekwa mbali. Paka akafukuzwa, akaenda kukaa kwa kinyozi, jambo ambalo Profesa alisema halimshangazi. Breki akafungwa mkanda kiunoni, ukapita kwa Springi aliyekaa kwenye ubao, ukaishia kiunoni kwa Profesa. Hiyo ndiyo shafti. Breki akajinyoosha juu ya saruji tupu, viwiko chini, vidole vya miguu vimekita. Profesa akalala chali, akakunja magoti, akainua kiuno kuelekea mbinguni.

— Hesabu — Breki alisema kwa meno.

Springi akaanza. Na hapo, kama siku zote, mashaka yalimtoka, kwa sababu kuhesabu na kusahihisha alikuwa amekujua kuliko hata gundi yake.

— Breki, kiuno kinashuka, kiinue. Si hivyo, umekuwa paa la nyumba. Hapo. Pumua. Ukizuia pumzi unajidanganya. Profesa, usisukume kwa shingo, bana makalio, bana tumbo, nyonga zote sawa. Taratibu. Breki, ukichoka teremka, usijifanye shujaa.

— Lori haliteremki mlima kwa sababu limechoka — Breki alisema.

Akabaki juu. Akatetemeka mikono, akatetemeka mashavu, akatetemeka mpaka masikio. Kisha akatua chini kwa kifua.

— Jamani — alisema.

— Nini?

— Hendibreki imejifunga.

Profesa, ambaye bado alikuwa hewani, alipata picha ya neno hilo akaangua kicheko, na mtu anayecheka akiwa ameinua kiuno hukutana na msuli wa paja. Msuli ukamkamata. Akaanguka chali, akashika mguu kwa mikono miwili, na kicheko kikageuka kuwa kilio bila kubadilisha sauti.

— Nisaidie, Springi — Breki alisema. Shavu lake lilikuwa juu ya saruji. — Siwezi kugeuka. Nikijaribu kunakata.

Springi alimwangalia. Aliyajua macho hayo. Hayakuwa ya mtu mwingine, yalikuwa yake mwenyewe, kule mvunguni, yakitazama dunia ya viatu tu. Aliijua hofu ya Breki yote, aliijua mpaka chumvi yake. Huruma ilimshika kwa nguvu kuliko woga. Akajifungua mkanda kiunoni.

— Sikiliza. Usijivute. Kunja magoti kwanza, moja moja.

— Vipi?

— Kunja, halafu ugeuke ubavu.

— Nigeuke vipi na nimekuambia kunakata?

— Unageuza kiuno peke yake. Bega na kiuno viende pamoja.

— Sielewi.

— Si hivyo. Wewe nawe. Ngoja, nitazame mimi.

Na akashuka. Goti moja, la pili, kiganja, kiwiko, akalala kwenye saruji ubavuni mwa Breki, uso kwa uso, pua karibu zigusane.

— Unaniona? Magoti haya hapa. Bana tumbo, kidogo tu, usizuie pumzi. Hapo vuta pumzi. Unaisikia inavyoshika huku ubavuni? Basi iache ishike, ndiyo kazi yake. Sasa sukuma kwa kiwiko. Usikurupuke. Kiganja hiki kisaidie. Ukae hivi. Halafu goti moja chini, mguu mmoja mbele, mkono juu ya paja, na unainuka, hivi, huku unatoa pumzi.

Akainuka.

Mgongo uliuma. Tusidanganyane, uliuma pale pale, na kesho ungeuma, na kazi ya kuziamsha zile nyama zilizolala ilikuwa haijaanza hata siku moja. Lakini alikuwa amesimama, vumbi la saruji ubavuni na kidevuni, mikono ikining'inia, na hakuna mtu aliyemshika.

— Umeona? — alimuuliza Breki.

Breki alikodoa macho. Profesa aliacha kulia. Shangazi alikuwa anamimina kahawa, na kikombe kilishajaa zamani, kahawa ikatiririka kando ya jiko, ikaingia mchangani, akaendelea kumimina mpaka birika likakauka.

— Mnaangalia nini? — Springi alisema. Kisha akatazama chini, akaona saruji iko mbali, akaelewa wanachoangalia. Furaha ilimpanda kutoka miguuni, ya kitoto, ya aibu, akataka kucheka na kukaa na kumpigia simu mkewe shuleni kwa wakati mmoja.

Ndipo pikapu ikafunga breki mbele ya kijiwe. Akashuka kijana mmoja mstaarabu, kofia mkononi, nyuki wawili watatu wamemfuata mpaka mjini.

— Shikamooni wazee. Hapa ndipo kwa fundi makochi?

— Marahaba. Ndipo — Shangazi alisema.

— Nimetumwa na bosi wangu, mfuga nyuki. Nimchukue shemeji yake akapumzike shamba. Simjui kwa sura, ila bosi amesema sitapata shida. Amesema ni yule ambaye akiwa chini hawezi kuinuka.

Akamtazama Breki, aliyelala kifudifudi na shavu juu ya saruji. Akamtazama Profesa, aliyelala chali akikumbatia paja. Akautazama mkanda uliowaunganisha. Akamtazama na Springi, aliyesimama wima kuliko wote, akamwamkia kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anavyomwamkia mwenye mahali.

Breki alifumba macho. Profesa alitafuta methali, midomo ikamcheza, hakuipata. Springi alivuta pumzi, tumbo likabana lenyewe.

— Nafasi ni ya mtu mmoja tu — kijana alisema kwa upole. — Sasa wazee wangu, mwenye mgongo ni yupi?